"Na Sisi Lini?": Hereni ya Ng'ombe, Chapa na Mkono wa Bibi

NEEMA: Haya, karibuni tena barazani. Mimi ni Neema, na mbele yangu yupo Salim na chupa yake ya kahawa.

SALIM: Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Kahawa ipo, tangawizi ipo. Leo dada Neema ndiye mwenye habari, maana tangu arudi Kongwa amekuwa akiniambia "subiri, nitakusimulia tukirekodi."

NEEMA: Nimerudi Jumanne. Nilikwenda kumwona bibi, na nikafika siku ileile bwana mifugo alipopita kuvalisha ng'ombe hereni. Hizi za kielektroniki, za kampeni ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa 2025. Kijiji chetu kilikuwa hakijafikiwa. Basi ng'ombe wamefungiwa zizini, vijana wanawashika pembe, na bibi amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anahesabu kwa macho.

SALIM: Bibi huyu ndiye wa Zawadi.

NEEMA: Ndiye. Kwa wageni wetu, Zawadi ni mtamba mwekundu mwenye baka jeupe, alitoka kwenye mahari ya mdogo wangu. Bibi anampenda kuliko sisi wajukuu, na hafichi. Ilipofika zamu yake, bwana mifugo akamshika sikio la kulia, akalipangusa, akaliweka katikati ya lile koleo, akabana. Ka! Zawadi akatikisa kichwa mara moja tu, tone moja la damu likashuka kwenye manyoya ya shavuni. Kijana akasogeza kifaa, namba ikatokea, akaiingiza kwenye simu pamoja na jina la bibi. Kazi ya dakika mbili. Bwana mifugo mwenyewe ni mtu mzuri, alikuwa anamwita "bibi yangu" na anamweleza kila hatua.

SALIM: Ehe.

NEEMA: Bibi akamuuliza, "Na sisi lini?"

SALIM: Mh.

NEEMA: Vijana wakacheka. Bwana mifugo naye akacheka, akasema, "Bibi, hizi ni za mifugo." Bibi hakucheka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikauona mkono wake wa kulia umeingia ndani ya kanga, ameukunja kifuani, na umebaki humo mpaka pikipiki ya yule kijana ilipoondoka.

SALIM: Mkono wa kuume.

NEEMA: Mkono wa kuume, Salim. Bibi yangu ana zaidi ya miaka themanini, na alisimama zizini kwake akiuficha mkono. Sijaacha kuufikiria mkono ule. Ndiyo maana leo tunazungumzia chipu za kupandikizwa mwilini, na kwa nini watu wa dini zinawanyima usingizi. Tumeandaa maswali matatu ya kumwachia msikilizaji mwishoni.

SALIM: Matatu, na tutayafikia. Lakini kwanza tuwaeleze kwa nini mkono wa kuume. Wapo Waislamu wenzangu hawalijui hilo.

NEEMA: Ni Ufunuo, sura ya 13. Yupo mnyama, na watu wote, wadogo kwa wakubwa, matajiri kwa maskini, wanatiwa chapa katika mkono wa kuume au katika paji la uso, na asiye nayo hawezi kununua wala kuuza. Hesabu yake ni 666. Sasa sikiliza neno lenyewe. Biblia yetu ya Kiswahili inasema "watiwe chapa". Mwaka 2017 serikali ilipoagiza ng'ombe nchi nzima wapigwe chapa ya moto, neno lilikuwa hilohilo, chapa. Bibi ameusikia mstari ule kanisani tangu msichana, na kila akiusikia anaona chuma chekundu na ananusa manyoya yanaungua. Mtu wa mjini anasikia fumbo. Mfugaji anasikia kitu anachokijua.

SALIM: Hiyo sikuwahi kuifikiria. Kwake hiyo ni kazi ya kila mwaka.

NEEMA: Kazi anayoijua kwa pua. Na akiona sasa chapa imekuwa kidude chenye namba, na anasikia redioni kwamba ng'ombe asiye na hereni atapata shida mnadani... unaona? Hawezi kununuliwa wala kuuzwa.

SALIM: Subiri hapo. Jumatano uliponigusia habari hii nilikwenda kufungua Mas-hafu. Umenikumbusha aya ambayo nimeisoma mara nyingi bila kusimama. Surat An-Nisaa, aya ya 119. Shetani anaapa mbele ya Mwenyezi Mungu atakavyowapoteza watu, na anasema atawaamrisha wakate masikio ya wanyama, na atawaamrisha wabadili aliyoumba Mwenyezi Mungu.

NEEMA: Masikio ya wanyama?

SALIM: Masikio ya wanyama na kubadili umbile, katika pumzi moja.

NEEMA: Salim! Kwa hiyo bibi yangu na Waislamu wako...

SALIM: Taratibu. Wanazuoni wameieleza. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa wakipasua sikio la ngamia jike na kumweka wakfu kwa masanamu, asipandwe, asikamuliwe. Aliitwa bahira, ametajwa kwenye Surat Al-Maida, aya ya 103. Kilichokatazwa ni kukata sikio kwa ajili ya ibada ya asiyekuwa Mungu. Maana katika hadithi sahihi, Anas bin Malik anasimulia kwamba alimkuta Mtume, rehema na amani zimshukie, ameshika chuma anawatia alama ngamia wa zaka kwa mkono wake. Na riwaya nyingine inataja kondoo, kwenye masikio.

NEEMA: Mwenyewe? Kwa mkono wake?

SALIM: Kwa mkono wake. Ili wajulikane ni mali ya zaka, asije mtu akasema "huyu wangu." Lakini akakataza kumchoma mnyama usoni. Uso una heshima yake, hata wa ngamia.

NEEMA: Hebu tusiondoke hapa kwanza.

SALIM: Kwenye masikio?

NEEMA: Kwenye masikio. Maana kuna jambo sijalimaliza. Jioni ile, watu walipoondoka, bibi aliniita zizini. Akanishikisha sikio la kushoto la Zawadi. Lina mikato miwili midogo kwa chini, kama meno. Ni alama ya babu. Babu alikufa mimi nikiwa darasa la nne, lakini baba mdogo anaendelea kuikata ileile kwa kila ndama wa nyumba ile. Bibi akasema, "Hii inasema ng'ombe huyu ni wa nani. Hii ya kulia inasema nini?" Nikamwambia, "Inasema namba." Akaniuliza, "Namba ya nani?"

SALIM: Ulimjibu nini?

NEEMA: Nikamwambia namba ya Zawadi. Akanyamaza. Nilijua sijamjibu.

SALIM: Lakini kwa haki ya bwana mifugo, alama ya babu mwizi anaiongeza mkato wa tatu usiku mmoja, na kesho ng'ombe yuko mnada wa wilaya nyingine. Namba iko kwenye daftari la nchi. Sheria ya utambuzi na ufuatiliaji wa mifugo tunayo tangu 2010, na sababu zake ni nzito: wizi, magonjwa ya kuvuka mipaka, soko la nyama nje. Ukitokea ugonjwa wa miguu na midomo, utataka kujua ng'ombe ametoka zizi gani.

NEEMA: Kwa ng'ombe nakubali, na nilimwambia bibi hivyo. Hata hereni mwizi anaweza kuikata, lakini basi. Ninachokuonyesha ni kwamba tangu Mtume wako mpaka babu yangu, alama kwenye sikio ilikuwa inajibu swali moja: mwenye mali ni nani. Kwa hiyo alama ikihamia kwa binadamu, swali linakwenda nayo.

SALIM: Ndipo tuingie kwa binadamu sasa.

NEEMA: Tuingie. Tumekaa sana masikioni.

SALIM: Watu wengi wanadhani ni hadithi. Si hadithi. Oktoba 2004, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu chipu iliyoitwa VeriChip ipandikizwe kwa binadamu. Ukubwa wa punje ya mchele, inaingizwa kwa sindano nene chini ya ngozi ya mkono, ina tarakimu 16. Haina betri. Kama ile wanayowekewa mbwa. Ukisogeza kisomaji, inaamka, inataja namba yake, inalala tena. Daktari anachukua namba, anatafuta taarifa zako kwenye kompyuta. Mwaka huohuo klabu moja ya usiku mjini Barcelona ilikuwa inawapandikiza wateja wake ili walipie vinywaji kwa mkono.

NEEMA: Walipie kwa mkono. Kununua na kuuza. Halafu watu wanashangaa wahubiri wanapopiga kelele.

SALIM: Wahubiri walipiga kelele kweli. Kampuni ile ikaacha kuuza chipu hiyo 2010, wateja hawakuwa wengi. Kabla ya hapo, 2007, habari zilitoka kwamba panya wa maabara waliopandikizwa chipu za aina hiyo, baadhi yao walipata uvimbe wa saratani. Kwa binadamu hilo halikuthibitika, lakini liliwatisha watu. Na jimbo la Wisconsin lilikuwa limeshatunga sheria 2006, ni kosa kumlazimisha mtu apandikizwe.

NEEMA: Na ni Wisconsin hiyohiyo, 2017, kampuni moja ya River Falls, Three Square Market, iliwaalika wafanyakazi wake wapandikizwe mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada, wafungue milango na kununua vitafunwa. Wengi wao walijitolea, kwenye sherehe, kamera zinapiga picha.

SALIM: Kwa hiari.

NEEMA: Hiari mbele ya bosi anayekulipa mshahara. Wewe ungebaki peke yako umekunja mkono kifuani kama bibi?

SALIM: Ningebaki. Lakini nakuelewa. Na tuseme ukweli wa upande wa pili, dada Neema, kwa sababu uvumi nao umeua. Chipu hizi hazikufuatilii. Hazijui uko wapi. Ili kitu kijue mahali kilipo na kupeleka habari kinahitaji betri na antena, na hicho hakipiti kwenye sindano ya chanjo. Kinachojua uko wapi ni simu iliyo mfukoni, yenye laini uliyoisajili kwa alama ya kidole 2019 au 2020, umepanga foleni mwenyewe tangu alfajiri.

NEEMA: Hilo la chanjo linaniuma. Mwaka 2021 bibi alikataa chanjo ya UVIKO kwa sababu mhubiri mmoja aliwaambia ndani ya sindano kuna chipu. Shangazi yangu alikataa kwa sababu hiyohiyo, na shangazi hatunaye. Sitaki mtu aseme dini imemuua shangazi, maana ibada ileile ndiyo iliyotushika mkono msibani. Lakini aliyewaambia vile hakuwa anajua alichokisema, na amewafanya watu waogope sindano badala ya kuuliza daftari liko wapi na nani analishika.

SALIM: Mungu amrehemu. Ndiyo maana mimi nawasifu majirani zetu Wakenya. Mwaka 2019 ilipoletwa Huduma Namba, yaani namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, wapo waliosema hii ni 666, wakacheka watu. Lakini wengine walikwenda mahakamani, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kukusanya vinasaba vya watu na mahali wanapokaa kwa satelaiti ni kinyume cha katiba, na kwamba mpango hauwezi kuendelea bila kanuni za kuulinda. Woga uleule, ila ulipata wakili.

NEEMA: Na Kenya wana kumbukumbu ya kipande. Wakoloni walianza kukitekeleza baada ya vita ya kwanza: kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kazi atembee na karatasi yake ndani ya kikebe cha bati, amekining'iniza shingoni. Alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara. Akitoroka shamba la mzungu, anakamatwa. Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika, alikamatwa 1922 akikipinga, na watu wakapigwa risasi Nairobi. Ukimwambia mjukuu wa watu wale kwamba namba ni maendeleo, mvumilie akiuliza mara mbili.

SALIM: Shingoni. Kama mbuzi wa kengele.

NEEMA: Unaona tumerudi zizini tena.

SALIM: Hatujatoka. Lakini mimi nina jambo langu, na nilisema nitalisema leo. Wasikilizaji wetu wanamjua mzee wangu, Tanga.

NEEMA: Wanamjua, na wanamwombea.

SALIM: Mzee anasahau. Mwaka jana alikuwa anasahau majina yetu, mwaka huu anasahau nyumba. Amepotea mara tatu tangu Ramadhani. Mara ya tatu alilala nje. Tulimpata Muheza, kituo cha afya, hajui jina lake, amevua viatu ameviweka chini ya kitanda kama yuko kwake. Muuguzi alimweka siku nzima anamuuliza, "Baba, watoto wako wako wapi?" na yeye anamjibu kwa heshima kabisa, "Wanakuja."

NEEMA: Pole, Salim.

SALIM: Sasa niambie. Ningekuwa na punje ile ya mchele mkononi mwake, na muuguzi ana kisomaji, dakika moja angenipigia. Mwaka 2007 kule Florida kituo kimoja cha wagonjwa wa kusahau kilipanga kuwapandikiza wagonjwa 200 kwa sababu hii hasa. Watu wa dini waliwapinga. Mimi ni mtu wa dini, na nasema ningemweka.

NEEMA: Bangili? Kadi mfukoni mwa kanzu?

SALIM: Bangili anaikata kwa meno. Kadi anampa mtoto wa kwanza anayekutana naye, anadhani ni hela ya sikukuu. Namba yangu nilimshonea ndani ya kanzu. Siku hiyo alitoka na shuka.

NEEMA: Hapo ndipo siwezi kwenda na wewe, na unajua nampenda mzee. Yeye hawezi kukubali. Ukimuuliza leo atakuambia "sawa mwanangu", kesho ataugusa mkono wake aulize ni nini hiki, na hutakuwa na neno la kumwambia.

SALIM: Hakukubali mtoto wa jicho atolewe pia. Alilia. Tulimtoa, sasa anaona. Dada yangu ana kijiti cha uzazi mkononi, imamu wetu ana betri ya moyo kifuani. Mwili ni amana, ndiyo, ni wa Mwenyezi Mungu, si wetu. Na amana hulindwa. Mimi nitaulizwa juu ya mzee wangu.

NEEMA: Betri ya moyo inamfanyia kazi imamu. Kijiti kinamfanyia kazi dada yako. Vinatibu, na havimjibu mtu aliye nje. Hiki kinakaa mwilini kinasubiri aulize mwingine. Hakimponyi mzee chochote. Kinamwambia mwenye kisomaji, basi. Leo ni muuguzi mwema wa Muheza. Kesho sijui ni nani, na mzee ndiye asiyeweza kukitoa.

SALIM: Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya 2022. Tume ipo.

NEEMA: Karatasi ipo. Mimi nazungumzia mkono wa mzee.

SALIM: Na mimi nazungumzia mkono huohuo, ukiwa barabarani Muheza usiku, malori yanapita. Nataka yeyote atakayemwokota ajue kwamba mzee huyu ni wangu.

NEEMA: Si wako, Salim. Wewe ndiye wake.

SALIM: ...

NEEMA: Sikusema kwa ubaya.

SALIM: Najua hukusema kwa ubaya. Lakini hujalala macho unasikiliza komeo la mlango. Ukimwambia mtu "mwili usitiwe namba", ni neno zuri. Mwambie aliyekesha nami njiani tunapiga mayowe ya jina la baba yangu.

NEEMA: Nani alimpata hatimaye?

SALIM: Kijana wa bodaboda. Alimtambua sauti, anamsikia akiadhini msikitini tangu utotoni.

NEEMA: Basi.

SALIM: Basi nini? Asingekuwa kijana yule? Siwezi kumtegemea bodaboda mwenye kumbukumbu nzuri kila mara. Mimi bado nasema ningemweka, leo hii.

NEEMA: Na mimi bado nasema usimweke. Ningekuja Tanga nikae mlangoni zamu yangu, na nasema kweli, nitakuja. Lakini usimweke.

SALIM: Zamu yako nitaipokea. Kukubali sikubali.

NEEMA: Sawa.

SALIM: Sawa. Hiyo ni adhana?

NEEMA: Magharibi imeingia, na vijana wa kwaya wanaingia hapa saa moja kasorobo. Yale maswali matatu...

SALIM: Tuyaache, nimeshasahau hata la kwanza lilikuwa lipi. Lilikuwa la bibi?

NEEMA: La bibi. Tuyaache. Jamani, tuandikieni, hasa mnaotunza wazee wanaosahau, mseme mnafanyaje usiku. Salim, kabla hujaenda kuswali, kuna mfuko pale kwenye begi. Bibi amempelekea mzee karanga, na maganda yake.

SALIM: Mzee hana tena meno ya karanga.

NEEMA: Nilimwambia. Akasema najua, mpelekee.

SALIM: Atazimenya. Mikono yake haitulii siku hizi, ukimpa kitu cha kumenya anakaa. Atakaa mpaka Isha.